Pango lipi tuwapeleke watoto: Panga ya Saidi, Shimoni au Amboni?

Kila Idi ikikaribia dadangu wa Lamu hunipigia simu, na swali lake ni moja: "Nduyangu, mwaka huu twawapeleka wapi hawa watoto?" Yeye hupanda basi Mokowe akashuka Malindi na wanawe wanne. Mimi ninao wawili. Yuko pia bi mkubwa wetu, mamake mama, ambaye goti lake moja lilishakataa ngazi zamani. Bahari watoto hawa wamezaliwa nayo, na kuwapeleka ufuoni siku ya sikukuu ni kama kuwaambia wakae nyumbani. Safari hii kijana mkubwa wa dadangu amekuja na ombi lake mwenyewe. Amesoma shuleni habari za mawe ya chokaa na namna mvua inavyoyatoboa, na sasa anataka kuingia pangoni aone kwa macho.

Nilifurahi sana kusikia hivyo, maana mapango ni jambo ninalolipenda tangu utotoni. Matatu nimeyaingia kwa miguu yangu: Panga ya Saidi kule Dzitsoni, Shimoni huko Kwale, na Amboni ng'ambo ya mpaka, karibu na Tanga. Nayapima hapa kwa ajili ya dadangu, na kwa yeyote aliye Malindi au Lamu mwenye watoto, mwenye mzee, na siku moja au mbili tu za kutembea.

Nianze na Marafa, kwa sababu ndiko kila mtu wa Malindi anakokutaja kwanza ukisema unataka kuona mawe. Nyari ya Marafa ni pazuri, sina neno nayo. Vile vilele vyekundu, vyeupe na vya rangi ya chungwa vikipigwa na jua la saa kumi na moja jioni, hata mtu aliyeviona mara kumi husimama tena. Na kuna kile kisa cha jamaa tajiri waliokuwa wakioga maziwa ya ng'ombe wao mpaka ardhi ikawameza. Watoto hukisikiliza midomo wazi. Lakini Marafa si jiwe la chokaa, wala hakuna pango. Ni mchanga na udongo uliokatwa na mvua, na kila masika humega tena ukingo. Ukitaka vilele na mzee wako akae juu kwenye kivuli akitazama, nenda Marafa, usisome zaidi. Usiende saa sita mchana tu, kwani kule chini kwenye korongo joto hulala kama kwenye tanuri.

Mwenye kutaka pango na aendelee.

Kwanza jiwe lenyewe, kwa sababu hapa ndipo haya matatu yanapoachana, na watu wengi huwaambia watoto kwamba pango ni pango. Sisi wa mwambao tunalijua jiwe la chokaa kuliko tunavyodhani. Nyumba za Lamu zimejengwa kwa matumbawe, na matumbawe yakichomwa kwenye tanuri la magogo hutoka chokaa ile ya kupaka na kusiriba. Huo ndio upande wa moto. Upande wa maji huenda polepole zaidi. Mvua ikipita hewani na kwenye udongo wenye majani yanayooza huchukua hewa ya ukaa, ikawa na uchachu kidogo, uchachu ambao ulimi hauwezi kuusikia lakini jiwe hili linausikia. Maji hayo huingia kwenye ufa, yakaula, yakaupanua, mpaka baada ya maelfu ya miaka ufa ukawa ukumbi. Tone likifika darini na kuacha chokaa liliyoibeba, huanza kuota jiwe linaloning'inia, ndilo stalaktiti. Sentimita moja ya jiwe hilo yaweza kuchukua karne nzima. Ndiyo sababu mtoto akinyoosha mkono kulivunja akachukue kumbukumbu, moyo wangu hupasuka.

Sasa, Shimoni ni tumbawe. Ukiangalia ukuta wake utaona maumbo yaleyale unayoyaona kwenye kuta za Lamu zilizobanduka plasta, kwa sababu ulikuwa mwamba wa baharini wakati bahari iliposimama juu kuliko leo, kiasi cha miaka 125,000 iliyopita. Kwa hesabu ya mawe huyo ni kijana. Panga ya Saidi na Amboni ni wazee: chokaa yao ilitandazwa chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, enzi za dinosauri. Mawe yao ni ya kijivu, mazito, laini pale maji yalipopita. Mtoto anayesoma jiografia atajifunza zaidi akiweka kiganja kwanza ukuta wa Shimoni kisha wa Amboni kuliko kwa ubao wowote. Ila hiyo ni safari ya siku mbili au tatu, na si kila mfuko unaiweza.

Kwa upande wa njia, Panga ya Saidi inashinda kwa mbali. Kutoka Malindi mpaka Kilifi ni kama kilomita 60, unavuka daraja, unafika Mavueni, unakata kulia kuelekea Dzitsoni na Kaloleni. Ukiondoka baada ya swala ya alfajiri, asubuhi na mapema mko pangoni, na adhuhuri mnaweza kula Kilifi. Shimoni ni kupita Mombasa yote, kuvuka Likoni au kuzunguka na barabara ya Dongo Kundu, kisha kilomita nyingine kama 75 kusini. Inawezekana kwa siku moja, lakini mnarudi usiku na watoto wamelala mmoja juu ya mwingine, mimi siishauri. Lala Mombasa kwa jamaa. Amboni ni kuvuka mpaka Lunga Lunga na Horohoro, na kila mtu awe na hati zake za kusafiria, watoto wachanga pia. Uzuri wake ni kwamba ukitokea Horohoro unalifikia pango kabla ya Tanga mjini, kilomita kama 8 hivi kabla. Hesabu siku mbili kamili.

Miguu je? Hapa namfikiria bi mkubwa. Shimoni kuna ngazi ya kushukia, fupi, na chini ni tambarare kiasi; mzee anayeshikwa mkono huweza kukaa palipo na mwanga akawasubiri. Panga ya Saidi ni njia ya msituni yenye mizizi na mawe, kisha unashuka kuingia. Si mbali, lakini goti bovu litasema. Amboni mzee asiende ndani kabisa. Kuna mahali pa kuinama, kuna mahali pa kupita kiubavu, na kuna mahali pa kutambaa kwa magoti. Mimi mara ya kwanza niliingia na ndala. Niliteleza kwenye jiwe lililolowa nikaumia muundi, na mwongozaji akanivua ndala zote mbili akanishika mkono kama mtoto mpaka nje. Vaeni raba zenye meno kwa mapango yote matatu, hata Shimoni.

Giza ni jambo la pili kwa watoto wadogo. Binti yangu mdogo ana miaka mitano na taa ikizimika nyumbani hulia. Panga ya Saidi ina sehemu ambazo paa lake liliporomoka zamani, jua linaingia, mizizi inateremka kwenye kuta kama kamba, na msitu unakuchungulia kutoka juu. Mtoto haogopi. Shimoni pana mwanga wa matundu hapa na pale. Amboni ni giza lenyewe, giza ambalo mwongozaji akizima tochi unauweka mkono mbele ya uso na huuoni. Kwa kijana wa miaka 14 hiyo ni zawadi ya kusimulia mwaka mzima. Kwa mtoto wa miaka mitano ni ndoto mbaya.

Na popo wako kote. Hili sitaki lipitwe kwa haraka. Popo si wa kuchukiwa. Hula wadudu wanaotusumbua na hueneza mbegu na chavua za miti yetu. Lakini popo wa matunda wanaokaa mapangoni wamethibitishwa kubeba virusi vya Marburg, na mwaka 1980 na 1987 hapa Kenya watu wawili walifariki kwa ugonjwa huo baada ya kutembelea pango la Kitum, Mlima Elgon. Sisemi hivi ili mtu abaki nyumbani. Nasema mtoto asimguse popo aliye hai wala aliyekufa, asiokote kitu kwenye kinyesi chao, avae barakoa mahali penye vumbi lao, wala asile embe ndani ya pango. Mkitoka, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kufungua vyakula. Beba maji ya dumu kwa kazi hiyo peke yake. Panga ya Saidi hasa, usitegemee kukuta bomba.

Nikija kwenye kile ambacho pango linakuambia, sasa kila moja linasema lake.

Amboni ni pango la masimulizi. Waongozaji wake wanajua kazi, na tochi yao inageuza kila jiwe kuwa kitu: hii meli, huyu mamba, ule mlima. Watakueleza habari za Osale Otango, aliyesakwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950 na kujificha humo. Watakuonyesha chumba cha mzimu ambamo watu hadi leo huacha vitambaa na sadaka wakiomba uzazi au nafuu. Watakuambia pia kwamba njia fulani inatokea Mombasa, na nyingine inatokea Kilimanjaro, na kwamba mbwa aliyepotea humo alionekana huko. Kijana wa dadangu mwambie mapema kwamba watafiti walipima mapango hayo mwaka 1994 na refu kuliko yote walilipata kama mita 900. Asimbishie mwongozaji mbele ya watu, ila ajue. Kwa wingi wa mawe yanayoning'inia na yanayoota sakafuni, Amboni halina mpinzani kati ya haya matatu. Anayetaka kuona chokaa ilivyofanya kazi, kwa maana ya kitabu cha shule, ni huko.

Tena Amboni ina jambo dogo ambalo wengi hulipita bila kujua. Yale maua ya urujuani yenye majani ya manyoya, yanayouzwa kwenye vyungu Ulaya nzima na watu wakayaweka madirishani, asili yake ni mwambao huu. Mjerumani mmoja mtawala wa Tanga, von Saint Paul, ndiye aliyeyapeleka kwao miaka ya 1890, na baadhi yaliota kwenye nyufa za mawe ya chokaa ya eneo lile. Sisi Kilifi tunayo aina yetu, inaota kwenye miamba ya chokaa ya Cha Simba, Mwarakaya na Kacharoroni, na karibu ingepotea. Hiyo miamba ya Cha Simba ndiyo vilele vyetu vya chokaa kama unavitafuta: mirefu si mirefu, lakini imesimama wima katikati ya miti kama meno ya mzee. Jiwe hilohilo ndilo linalosagwa kutengeneza saruji, kwa hiyo kila kilima cha chokaa katika kaunti yetu kina mtu anayekitamani. Ukipata nafasi, muulize mwenyeji akupeleke, usichume kitu.

Shimoni ni pango la huzuni. Wenyeji wanasimulia kwamba watu waliokamatwa bara walifungwa humo wakisubiri majahazi ya kuwapeleka Unguja, na utaonyeshwa vyuma vilivyobaki ukutani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini ukisimama mle ndani miaka hiyo haionekani mingi. Mimi nilipokwenda nilikuwa na mwanangu wa kwanza akiwa na miaka saba, na alinishika baibui akaniuliza kama walikuwemo watoto. Nilimjibu ndiyo. Sikujuta, ila nakuambia wewe unayesoma ujiandae kwa swali hilo. Usimpeleke mtoto Shimoni siku ya sikukuu na nguo mpya na vifijo halafu umtumbukize humo. Mpeleke siku nyingine, siku ya kujifunza, naye awe mkubwa wa kutosha. Kiingilio chake kinasimamiwa na wanakijiji wenyewe na husaidia mambo yao, nami nalipenda hilo. Na mkitoka, vukeni kwenda Wasini. Kule kuna bustani ya matumbawe ya kale yaliyoachwa na bahari, yamesimama na ncha zake kama vijilima, na akina mama wa kisiwa wamejenga njia ya mbao mnapita juu yake katikati ya mikoko. Baada ya pango, macho yanahitaji kitu kama hicho.

Panga ya Saidi ni tofauti. Hakuna wa kukugeuzia mawe kuwa meli, hakuna duka la soda mlangoni. "Panga" kwa Kimijikenda ndilo pango, na wazee wa pale bado wanapaheshimu kama mahali pa kuomba. Ukifika unamtafuta mwenyeji, unajieleza, unasubiri. Anayetaka kila kitu kiwe tayari atarudi amenuna. Lakini chini ya sakafu ile ya vumbi pamelala historia ya watu ya miaka 78,000.

Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa ng'ambo walianza kuchimba hapo mwaka 2010. Walikuta zana za mawe tabaka juu ya tabaka, shanga za magamba ya konokono wa baharini na za mayai ya mbuni, na vipande vya udongo mwekundu wa kupaka. Hebu fikiri: bahari iko kama kilomita 15, na zaidi ya miaka 60,000 iliyopita mtu alitembea nalo gamba lile akalitoboa akalivaa. Mwaka 2013 wakagusa ukingo wa kishimo, kiasi cha mita tatu chini ya sakafu ya leo. Mwaka 2017 wakakifunua chote. Ndani mlikuwa na mifupa laini kiasi kwamba ikiguswa inakuwa unga. Hawakuthubutu kuitoa mmoja mmoja. Waliizungushia plasta, wakainyanyua pamoja na udongo wake, ikapelekwa Nairobi, kisha Burgos, Hispania, ambako ilifunguliwa taratibu. Alikuwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Walimwita jina la Kiswahili, Mtoto. Habari yake ilitangazwa mwezi Mei 2021: maziko ya zamani kuliko yote yanayojulikana barani Afrika.

Alilazwa ubavu wa kulia. Magoti yamekunjwa kufikia kifua. Namna mifupa ilivyokaa inaonyesha kwamba mwili ulikuwa umefungwa na kitu, majani au ngozi, na kichwa kilikuwa kimewekewa cha kulalia ambacho kilioza. Watu walioishi kabla ya jahazi, kabla ya jembe, kabla ya jina la kabila lolote tunalolijua, walimchukua mtoto wao wakamfunika na kumwekea mto.

Pangoni hutaiona mifupa hiyo. Utaona mahali. Nimewasikia watu wakisema haina maana kwenda kutazama shimo lililofukiwa, na mimi nashindwa kukubaliana nao hata kidogo. Kwenye magofu ya Gede tunakwenda kutazama kuta zisizo na paa, na tunarudi tumejaa.

Basi ukiniuliza kwa ufupi wa simu: mwenye vijana wakubwa, pasipoti na siku mbili, aende Amboni, asisite. Mwenye watoto wa miaka kumi na kuendelea wanaosoma historia, alale Mombasa aende Shimoni na Wasini, lakini si Idi. Mwenye siku moja kutoka Malindi, watoto wa rika mchanganyiko, na subira ya kumsubiri mwenyeji, Panga ya Saidi. Asiende wakati wa mvua za masika, maana jiwe la chokaa lililolowa huteleza kuliko sabuni, na abebe tochi moja kwa kila mtu wawili, si simu. Mwanga wa simu humezwa na ukuta.

Dadangu nimemwambia Panga ya Saidi, Idi pili, tukiswali alfajiri tunaondoka. Kijana wake alinung'unika kidogo kwa ajili ya Amboni, nikamwahidi likizo ya Desemba mvua zikipungua. Kilichokuwa kikinisumbua ni bi mkubwa. Nilidhani tutamwacha Malindi na shangazi. Jioni nikakaa naye barazani nikamsimulia habari za Mtoto, nikamwambia alivyolazwa kwa ubavu wa kulia. Akanyamaza muda mrefu, kahawa ikapoa mkononi. Bi mkubwa alizika watoto wawili kabla ya kumzaa mama, na alilazwa kila mmoja mwanandani kwa ubavu huohuo.

"Na walimfunika?" akaniuliza.

Nikamwambia walimfunika.

"Basi nami nakuja. Nitafika mlangoni, nitakaa hapo, nimwombee."

Nimeshamtafutia mkongojo.